Mgeni njoo, mwenyeji apone: Bi Henry na mawe ya Ayalandi

Mtoto akimaliza shule na kupita vizuri, jamaa huketi na kumgawia kazi kabla hata hajaulizwa. Huyu atakuwa daktari, yule wakili, na wa tatu, ikiwa hesabu zilimkubali, mhandisi. Sasa hebu fikiria, msomaji, binti wa nyumba hiyo asimame mbele ya baba, mama na mashangazi aseme: "Mimi ningependa kusomea misalaba ya mawe na makao ya watawa walioishi Ayalandi miaka elfu moja na mia mbili iliyopita."

Shangazi ataweka kikombe chini. Mama atamtazama baba. Naye baba atauliza swali moja tu: "Na ni nani atakayekulipa mshahara?"

Swali hilo si la kipuzi. Tumezoea kuwacheka wazazi wanaouliza habari za mshahara, kana kwamba karo hulipwa kwa ndoto. Leo nataka kulijibu kwa kusimulia maisha ya mwanamke mmoja aliyeifanya kazi hiyo hasa, tena katika nchi ambayo haikuwa yake, na ambaye kwa miaka mingi alilipwa mshahara kwa kufundisha kitu kingine kabisa.

Jina lake ni Françoise Henry. Alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka wa 1902. Wakati wa ujana wake, wasichana waliofika chuo kikuu hawakuwa wengi, na waliofika walitarajiwa kurudi nyumbani au kuwa walimu wa shule. Yeye alisoma Sorbonne na pia katika chuo cha makumbusho ya Louvre. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Henri Hubert, mtaalamu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwachunguza Wakelti, na Henri Focillon, bingwa wa historia ya sanaa. Hubert alimwonyesha watu. Focillon alimfundisha kutazama. Ukichanganya hao wawili utapata karibu kila kitu alichokuja kufanya mwanafunzi wao.

Wakelti ni nani? Hilo ni jina la jumla la watu waliosema lugha za ukoo mmoja katika sehemu kubwa ya Ulaya kabla ya dola ya Roma kuwameza. Lugha zao zimebaki pembezoni tu, kando ya bahari ya magharibi: Kiayalandi, Kigaeli cha Scotland, Kiwelisi cha Wales na Kibretoni cha kule Ufaransa. Ayalandi yenyewe haikutawaliwa na Warumi. Basi dola hiyo ilipoporomoka katika karne ya 5, na Ulaya ya magharibi ikaingia katika vurugu, Ayalandi ndiyo kwanza ilikuwa inaupokea Ukristo kwa mikono ya akina Patrick. Huyu ndiye Mtakatifu Patrick ambaye jina lake limebandikwa shule zetu kadhaa, ikiwemo ile ya Iten iliyotoa wanariadha wengi. Jina hilo lililetwa huku na wamisionari wa Ayalandi.

Kuanzia hapo hadi karne ya 12 hivi, kisiwa hicho kisichokuwa na miji kilijaa watawa. Walijenga vibanda vya mawe hata kwenye visiwa ambavyo leo mvuvi hukaa akingoja tufani ipite. Waliandika vitabu juu ya ngozi za ndama na kuvipamba kwa michoro midogo ajabu. Walichonga misalaba mikubwa ya mawe yenye duara katikati. Halafu mwaka wa 795 wakaja Waviking kutoka kaskazini na mashua zao, wakaanza kupora.

Kipindi hicho ndicho wasomi hukiita mwanzo wa Zama za Kati, na ndicho Bi Henry alichokifanya kuwa chake. Alikwenda Ayalandi kwa mara ya kwanza mwaka wa 1926, akiwa msichana wa miaka 24. Mawe aliyoyaona huko hayakumwachilia tena. Akarudi, na kurudi tena, akizunguka vijijini na kamera na daftari, akipima na kupiga picha misalaba ambayo ng'ombe walikuwa wakijikunia. Mwaka wa 1933 alichapisha kwa Kifaransa kitabu chake kikubwa cha kwanza, kuhusu uchongaji wa mawe wa Ayalandi katika karne 12 za kwanza za Ukristo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya shahada ya uzamifu.

Na mshahara? Hapo ndipo penye funzo kwa yule baba wetu. Mwaka wa 1932 alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Dublin, kile kiitwacho University College Dublin. Hakuajiriwa kufundisha akiolojia wala sanaa. Aliajiriwa katika idara ya Kifaransa. Mchana aliwafundisha vijana wa Ayalandi lugha ya kwao Paris. Likizo ikifika, alishika njia kwenda kusoma mawe ya nchi ya wanafunzi wake.

Miaka ilipita hivyo. Ni mwaka wa 1948 ndipo chuo kilipomfanya mkurugenzi wa masomo ya akiolojia na historia ya uchoraji wa Ulaya. Kutoka 1932 hadi 1948 ni miaka 16. Mtoto aliyezaliwa siku alipoanza kazi angekuwa amemaliza darasa la nane na kuingia sekondari kabla cheo hakijalingana na kazi. Watu wengi husema kazi ya chuo kikuu ni ya raha, ya kukaa ofisini na kunywa chai. Sijui walikutana na wahadhiri gani.

Lakini nisije nikaonyesha kwamba alikuwa peke yake porini. Alifika wakati ambapo Ayalandi ilikuwa na njaa ya historia yake. Nchi hiyo ilikuwa imejitoa chini ya Uingereza mwaka wa 1922, na taifa changa hutaka kujua babu zake ni nani. Mwaka wa 1930 ikapitishwa sheria ya kulinda majengo na vitu vya kale, ikawa huwezi kuchimba bila kibali. Kati ya 1932 na 1936 chuo kikuu cha Harvard cha Marekani kilileta kikosi chake kuchimba. Kuanzia 1934 serikali yenyewe ikaanza kugharamia uchimbuaji kwa njia ambayo mimi naiona ya busara: vibarua walikuwa watu waliokosa kazi. Mtu alipata ujira wake, na taifa likapata habari za mababu.

Kadhalika palikuwa na kivuli. Mkurugenzi wa makumbusho ya taifa tangu 1934 alikuwa Mwaustria, Adolf Mahr, mjuzi wa kweli wa vitu vya Kikelti. Bwana huyo alikuwa pia kiongozi wa chama cha Nazi kule Dublin. Mwaka wa 1939 alisafiri, vita vikamkuta nje, na hakurudi tena kwenye kiti chake. Nalitaja hili kwa sababu yako mawazo kwamba kuchimbua vyungu na mifupa ni kazi ya watu wapole wasio na siasa. La hasha. Anayesimulia babu alikuwa nani ana nguvu, na wenye siasa wanalijua hilo kuliko wenye mwiko.

Naam, mwiko. Chombo kikuu cha mwanaakiolojia si jembe wala sururu. Ni mwiko mdogo kama wa fundi mwashi, na brashi, na kamba ya kupimia. Udongo huondolewa utando baada ya utando. Kila kitu huandikwa kilipatikana wapi, kina gani, kando ya nini. Maana hapa pana jambo la kutisha kidogo: kuchimbua ni kuharibu. Ukishaondoa utando wa udongo, huwezi kuurudisha. Mtafiti ni kama mtu anayesoma kitabu cha pekee duniani huku akichoma kila ukurasa anaoumaliza. Asipoandika alichokiona, basi amechoma bure.

Tumfuate sasa Bi Henry hadi Inishkea, kwani hapo ndipo moyo wake ulipokuwa.

Inishkea ni visiwa viwili vidogo, kimoja kaskazini na kingine kusini, kilomita chache kutoka pwani ya wilaya ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi. Mbele yake hakuna kitu ila bahari hadi Amerika. Watu waliishi huko kwa uvuvi na viazi. Usiku wa Oktoba 28, 1927, tufani iliwakuta wavuvi baharini ghafla, na vijana kumi wa visiwa hivyo wakafa maji. Kwa jamii ndogo namna ile, vijana kumi ni kizazi. Waliobaki walivunjika moyo, na katika miaka ya 1930 wakahamia bara, wakiacha nyumba zao za mawe zikipoteza mapaa moja baada ya jingine.

Bi Henry alifika huko mwaka wa 1937, na mwaka uliofuata akaanza kuchimba katika kisiwa cha kaskazini. Alirudi 1946, kisha 1950. Ukifika unapaswa kungoja bahari itulie ndipo urudi, na bahari ile haina haraka ya kumhurumia mtu. Vibarua wake walikuwa watu waliokuwa wenyeji wa visiwa hivyo, wanaume walioijua kila njia na kila mwamba. Fikiria jambo hilo kidogo. Mtu amehama kwao kwa msiba, halafu mgeni wa kike, Mfaransa, anamwajiri arudi kuchimbua chini ya nyumba za jirani zake ili wajue ni nani aliyeishi hapo kabla yao.

Na walijua. Katika kisiwa cha kaskazini pana vilima vya mchanga, na ndani yake mlikuwa na vibanda vya watu wa zamani za watawa. Palikuwa pia na mawe bapa yaliyochongwa misalaba. Jiwe moja lina sura ya Kristo msalabani, limechorwa kwa mistari michache tu, kama mtoto mwerevu angechora. Si uchongaji wa kifahari wa ile misalaba mikubwa ya bara. Bi Henry hakuudharau. Yeye aliona kwamba ukitaka kuelewa jinsi wachongaji wa Ayalandi walivyofikia misalaba yao mikubwa, lazima uanze na mawe haya ya maskini.

Lakini kilichonivutia mimi zaidi ni konokono. Katika kibanda kimoja aligundua maganda mengi ya konokono mdogo wa baharini, yamepasuliwa. Mtu mwingine angeandika, "Walikula konokono," akaendelea mbele. Konokono huyo ana tezi ndogo yenye tone la majimaji meupe. Ukilipaka tone hilo kwenye kitambaa na kukianika juani, hugeuka kuwa kijani, kisha zambarau, na rangi hiyo haitoki kwa kufuliwa. Ni jamaa wa wale konokono wa bahari ya Mediterania waliotoa rangi ya mavazi ya wafalme wa Roma. Konokono mmoja hutoa kiasi kidogo sana, kwa hiyo unahitaji maelfu, na harufu yake haivumiliki. Bi Henry alisema hapa palikuwa na kiwanda cha rangi.

Basi ona mambo yanavyogeuka. Tulikuwa tumedhani hapa ni mahali pa watu waliokimbia dunia, wakila samaki na kusali katika upepo. Kumbe mikono yao ilinuka konokono, na kazi yao ilihusu kitu cha thamani kuliko karibu vyote vilivyowazunguka. Habari hiyo haikuwa imeandikwa katika kitabu chochote cha wafalme. Ilikuwa katika takataka.

Vita Vikuu vya Pili vilimkatizia kazi. Kati ya uchimbuaji wa 1938 na ule wa 1946 kuna pengo la miaka 8, na sababu yake kila mtu anaijua. Hata hivyo, mwaka wa 1940, bunduki zikilia, kitabu chake cha Kiingereza kuhusu sanaa ya Ayalandi katika karne za mwanzo za Ukristo kilitoka London. Nchi yake ilianguka mikononi mwa Wajerumani mwaka huo huo.

Mwaka wa 1949 Chuo cha Wasomi cha Kifalme cha Ayalandi, ambacho kilianzishwa mwaka wa 1785, kilikubali wanachama wanawake kwa mara ya kwanza. Walikuwa wanne: Sheila Tinney wa hisabati, Phyllis Clinch wa elimu ya mimea, Eleanor Knott wa lugha ya Kiayalandi, na Françoise Henry. Kwa miaka 164 wazee wale walikuwa wamekaa peke yao wakijadili mambo ya dunia.

Najua wasomaji wa ukurasa huu wanataka kuuliza kama aliolewa. Hakuolewa. Wala sitafanya kama wengine wanaosema kwamba "alifunga ndoa na mawe". Tujikumbushe tu mazingira yake. Katika Ayalandi ya wakati huo, mwanamke aliyeajiriwa na serikali alilazimika kuacha kazi akiolewa. Kanuni hiyo iliondolewa katika utumishi wa serikali mwaka wa 1973, yaani mwaka mmoja tu kabla Bi Henry hajastaafu. Wanaume wa fani hiyohiyo walioa, wakapata watoto, na hakuna aliyeona haja ya kuwauliza waliwezaje.

Baada ya hapo mavuno yalikuja kwa mfululizo. Mwaka wa 1963 na 1964 alitoa kwa Kifaransa vitabu vitatu kuhusu sanaa yote ya Ayalandi tangu mwanzo wa Ukristo. Waliovichapisha walikuwa watawa wa Kibenedikto wa monasteri ya La Pierre-qui-Vire huko Burgundy, ambao walikuwa na matbaa yao. Jambo hilo linanifurahisha: watawa wa karne ya 20 wakipiga chapa kazi za watawa wa karne ya 8. Vitabu hivyo vilitoka kwa Kiingereza kati ya 1965 na 1970, na mpaka leo mwanafunzi wa somo hilo hawezi kuvipita bila kuvifungua. Mwaka wa 1965 ikaundwa idara ya historia ya uchoraji wa Ulaya, yeye akiwa kiongozi wake. Alikuwa na miaka 63.

Alipostaafu mwaka wa 1974, alitoa kitabu kingine, mara hii juu ya Kitabu cha Kells. Hiki ni kitabu cha Injili nne kilichoandikwa kwa mkono karibu mwaka wa 800, kwenye ngozi za ndama. Kurasa zilizobaki ni 680, na leo kimehifadhiwa katika Chuo cha Trinity, Dublin, ambako watu hupanga foleni kuona kurasa chache kwa wakati. Mwaka wa 1007 kiliibwa usiku kanisani. Kilipatikana baada ya miezi miwili na siku kadhaa, kimefukiwa chini ya udongo, jalada lake la dhahabu limeng'olewa. Mwizi alitaka dhahabu, akatupa kilichobaki. Ni jalada hilo ambalo leo hakuna anayelijua lilivyokuwa.

Sasa nigeukie jambo ambalo wasifu wa wasomi mara nyingi huruka. Je, aliyoyasema Bi Henry yote yalikuwa sahihi?

Hapana. Kaskazini kabisa mwa Ayalandi, katika mji wa Carndonagh, pana msalaba mkubwa wa jiwe, uliochongwa mistari iliyosukana kama ukili. Bi Henry aliuweka katika karne ya 7. Kwake yeye huo ulikuwa ngazi ya katikati: chini yake mawe bapa kama yale ya Inishkea, juu yake misalaba mikubwa ya karne ya 9 na ya 10. Ngazi nzima ilisimama juu ya jiwe hilo. Mwaka wa 1956 mtaalamu wa Scotland, Robert Stevenson, aliandika kwamba msalaba huo si wa zamani kiasi hicho. Baadaye Peter Harbison, mwanaakiolojia wa Ayalandi aliyetoa kitabu kikubwa kuhusu misalaba yote ya nchi mwaka wa 1992, naye aliusogeza hadi karne ya 9. Ukiuondoa kwenye karne ya 7, ngazi inayumba. Labda misalaba mirefu haikukua polepole kutoka kwa mawe ya maskini. Labda mawe ya maskini yaliiga ile ya matajiri.

Huo si mjadala wa tarakimu tu. Ni nguzo ya nyumba ambayo mtu ameijenga tangu ujana kutikiswa na wengine. Na si yeye tu. Leslie Alcock, Mwingereza aliyepigana vita pamoja na askari wa Gurkha na kisha kuchimba Mohenjo-daro nchini Pakistan, alichimbua mlima wa South Cadbury kati ya 1966 na 1970. Magazeti yalijaa habari kwamba amepata ngome ya Mfalme Arthur. Mwaka wa 1971 alitoa kitabu kilichopendwa sana kuhusu enzi za Arthur. Mwaka wa 1977 mwanahistoria David Dumville akaonyesha kwamba maandishi yaliyoshikilia hadithi ya Arthur ni dhaifu mno. Alcock alikuwa ameshahamia Glasgow kama profesa tangu 1973, akaacha kumfuata Arthur na kuanza kuchimba ngome za wafalme wa Scotland. Ripoti yake kamili kuhusu Cadbury ya karne zile ilitoka mwaka wa 1995, miaka 25 baada ya mwiko wa mwisho kuwekwa chini.

Wengine wataona hapo sababu ya kumkataza binti. Mimi naona kinyume. Stevenson na Harbison waliweza kumpinga Bi Henry kwa sababu aliwaachia vipimo, picha na maelezo ambayo wangeweza kuyapinga. Mchimbaji asiyeandika hapingwi na mtu. Pia hakumbukwi.

Na yule baba bado anangoja habari za mshahara. Nimweleze ukweli. Viti vya uprofesa katika fani hii ni vya kuhesabu kwa vidole, na vingi viko Ayalandi, Scotland, Wales na Uingereza. Anayetaka kimoja wapo atasoma shahada ya kwanza, ya pili na ya tatu, ajifunze Kilatini na Kiayalandi cha kale, kisha azunguke na kandarasi za mwaka mmoja au miwili huku wenzake wa shule wakijenga nyumba. Wengi wa wanaakiolojia wa nchi hizo hawafundishi chuo kikuu. Huajiriwa na kampuni zinazochimbua mahali kabla barabara au nyumba hazijajengwa, kwa kuwa sheria inadai hivyo. Ayalandi ilipokuwa ikijenga barabara zake kuu katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kazi zilikuwa tele. Uchumi ulipoanguka mwaka wa 2008, mamia walijikuta nje, mwiko mkononi. Ni kazi inayopanda na kushuka pamoja na bei ya saruji. Binti ajue hilo kabla hajafunga sanduku.

Lakini ajue pia kwamba mtu anaweza kufundisha Kifaransa mchana na bado akawa Françoise Henry. Mshahara wake wa miaka ile 16 haukutoka kwa mawe. Ulimnunulia tiketi ya kuyafikia.

Baada ya kustaafu aliishi kwao Ufaransa, akaaga dunia mwaka wa 1982. Rafiki na mshiriki wake wa miaka mingi, Geneviève Marsh-Micheli, alikusanya makala zake zilizotawanyika katika majarida na kuzichapisha katika vitabu vitatu kuanzia mwaka wa 1983. Picha zake zimehifadhiwa katika chuo kilichomwajiri. Mvua ya Ayalandi haiachi jiwe lilivyo, na mchongo uliosomeka wakati wa kamera yake si lazima usomeke leo.

Shajara alizoandika kisiwani zilikaa bila kuchapishwa hadi mwaka wa 2012, miaka 30 baada ya kifo chake. Ukizifungua hukutani na profesa. Unakutana na mwanamke aliye kisiwani anakochimba, akitazama mawingu, akihesabu chakula kilichobaki na kusubiri mashua.